Monsters (2010): mimi ndo sijaielewa au muvi inaboa kweli?

Popo_wa_Usiku:
Wakuu salama? Jana nimekesha na Monsters ya Gareth Edwards. Mi ni mgonjwa wa muvi za viumbe wa anga za mbali, hasa zile za kutisha, na jina lenyewe si ndo hilo, madude, basi nikazima taa nikajikunyata kabisa nasubiri kuogopa. Aisee. Dakika 94 naangalia mpiga picha anamrudisha mtoto wa bosi wake Marekani, wanapanda treni, wanashuka, wanapanda boti, wanapiga stori, wanalala, wanaamka wanapiga stori tena. Madude nimeyaona vizuri mara mbili tatu tu. Najua bajeti haikufika hata dola laki tano, sawa, hela hakuna, ila hela ikikosekana ndo unanisubirisha hivyo? Mlioielewa nisaidieni, uzuri wake uko wapi?

kibatari:
Pole mkuu, bango la muvi limekuuza. Ile sio muvi ya kukurupusha, ukiingia na mkao huo lazima uchukie. Kwanza kumbuka huyo Edwards alitoka kwenye kutengeneza efekti za TV, hii ndo muvi yake ya kwanza ya sinema, kaandika yeye, kamera kashika yeye, efekti kapiga mwenyewe kwenye kompyuta nyumbani, na ukiacha wale wawili wengi unaowaona ni watu waliokutwa hukohuko Amerika ya Kati wakaambiwa ongeeni tu. Sasa irudie, ila usiangalie madude, angalia vibao. Kuna vibao vya eneo la maambukizi, yaani huko madude yalikotapakaa, kila barabara, katuni ya watoto kwenye TV inafundisha kuvaa maski ya gesi, ukutani wamechora pweza, maana madude yenyewe yana umbo la pweza, kama mtu angechora timu yake ya mpira. Ile ndege ya kivita imezama mtoni halafu taratibu inavutwa chini, hakuna anayepiga kelele. Miaka 6 imepita viumbe wametua, watu washazoea, kazi yao kuuza tiketi, tena tiketi ya feri dola 5,000, na yule dada mpaka kavua pete ya uchumba kulipia njia ya porini. Mi hicho ndo kilinitisha, kwamba hata hayo madude binadamu atayageuza biashara.

Dada_wa_Rimoti:
Hapo kwenye vibao nakubali, kwingine hapana. Namuunga mleta mada ila sababu yake sio yangu. Dude kutoonekana sio kosa, Alien ya 1979 dude linaonekana dakika chache tu (na ndani ya lile vazi alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mrefu kama mnazi), lakini kule hata paka akipita roho inaruka maana unajua limo humohumo kwenye chombo chao cha anga. Huku msitu mzima upo kimya na mimi nipo kimya, siogopi chochote. Tatizo kubwa ni maongezi. Waigizaji hawakupewa mistari ya kueleweka, mengi wamejijazia wenyewe na inasikika, mtu anaanza sentensi hajui inaishia wapi. Na hawa walikuwa wapenzi kweli nje ya kamera!! Sasa hapo utalaumu bajeti? Maneno mazuri hayana gharama, ni karatasi na kalamu. Halafu pale juu ya piramidi wanautazama ukuta wa Marekani kwa mbali, nilishaelewa kaka, kwanini unaniambia tena kwa mdomo.

kibatari:
Ya piramidi nimeikubali hahaha. Pale alitakiwa awaache wakae kimya waangalie tu.

mtazamaji77:
Nyie mnabishana hakuna aliyetaja petroli stesheni. Kama hujaona muvi ruka komenti hii. Yule dada wa kwenye muvi anaona mkono wa pweza umeingia dukani unapapasa TV, anachomoa waya, linatulia linaondoka. Nje anakuja mwenzake, yanagusana, yanawaka mwanga, na wale wawili chini wametoa macho. Vitu viwili vikubwa vimekutana usiku basi. Unajua hapo mtu ametumia kompyuta ya nyumbani tu? Ndo maana baadae Edwards akapewa Godzilla ya 2014, na huko nako watu wakalalamika Godzilla haonekani, yaani tabia haina dawa. Popo swali moja, ile sehemu ya mwanzo ya wanajeshi na kamera ya usiku uliiangalia au ulikuwa unatafuta chaja?

Popo_wa_Usiku:
Nilikuwa nazima taa 😅 kwani ina nini

mtazamaji77:
Rudi. Msikilize mwanajeshi anaimba nini, halafu kaimba wapi tena mwishoni. Na angalia nani kabebwa pale chini.

Popo_wa_Usiku:
Nimerudi sasa hivi. Oya. Kumbe mwanzo ndo mwisho?? Yaani muda wote nawachoka wale wawili na maongezi yao, kumbe nilishaonyeshwa wanakoelekea dakika ya kwanza na sikuangalia. Imeniuma kweli. Ila Dada_wa_Rimoti yuko sahihi, maongezi bado mabovu na ile safari ya treni wangekata nusu.