Jumuiya inasali kwa mjane, shemeji zake wanamtoa nyumbani. Tuanzie wapi?

Kapu_la_Jumatano:
Wakuu, salaam. Nauliza kuhusu jumuiya ndogo ndogo ya kaya 24, Dar es Salaam. Rozari kila Jumatano, na kwenye msiba hatukosekani: sala, nyimbo, rambirambi. Arobaini ikishapita, mjane anaachiwa shemeji zake. Sasa hivi wako wawili wa namna hiyo, na mmoja ameshaambiwa atoe vyombo. Kila Kwaresima tunasoma Isaya 58 kuhusu mfungo wa kufungua minyororo ya uonevu, halafu tunafunga chakula tu. Naomba hatua kamili: mjane anasaidiwaje, na mfuko wa huruma unapangwaje usiliwe?

Karani_Mstaafu:
Ndugu, anzeni na nyumba, hiyo haingoji.

Kwanza karatasi. Mkoba wa nyaraka ndio hutangulia kupotea msibani. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati au mkataba wa kununulia kiwanja, kadi za benki: vipigwe picha vyote, nakala zikae kwa mtu asiye wa ukoo. Cheti cha kifo kifuatiliwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, kwani bila hicho mirathi haifunguliwi.

Pili, kikao cha ukoo. Mahakama huulizia muhtasari wake, na hapo ndipo wajane wengi huangukia. Anapewa karatasi "ya mahudhurio" asaini, kumbe juu yake kutaandikwa kwamba amekubali shemeji awe msimamizi wa mirathi. Asisaini karatasi yenye nafasi tupu. Watu wawili wa jumuiya wakae naye siku hiyo, wasome muhtasari kwa sauti kabla ya saini. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko rozari tatu, na rozari naipenda.

Tatu, mahakama. Mjane mwenyewe anaweza kuomba usimamizi. Hakuna sheria inayosema lazima awe mwanamume wa ukoo. Angalizo: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, shauri lake huenda likatakiwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ulizeni kabla ya kulipa ada, maana shauri lililofunguliwa pasipo mamlaka hufutwa hata baada ya miaka, na mjane anaanza upya.

Kama shemeji ameshateuliwa, mambo hayajaisha. Msimamizi si mrithi wala mwenye mali, ni mkusanyaji na mgawaji. Kwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Asipofanya hivyo, mjane aombe mahakama imwite ajieleze, hata imwondoe.

Wakimtishia habari za kurithiwa: kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa, mila iseme isemavyo.

Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 atawaelekeza na kusaidia kujaza fomu bila malipo. Kusimama kortini kama wakili haruhusiwi.

Mweka_Hazina:
Nijibu la mfuko. Kaya 24 kwa sh 1,000 kila wiki ni 24,000, yaani 96,000 kwa wiki nne. Si nyingi, kwa hiyo msiichanganye na fedha za ujenzi, sare za kwaya wala safari ya hija. Mifuko mingi ya huruma hufia hapo: haiibwi, inaazimwa "mpaka mwisho wa mwezi".

Akaunti ya kikundi kwenye simu iwe na waidhinishaji watatu, wasiwe wa nyumba moja. Theluthi moja isiguswe ila kwa dharura ya usiku: hospitali, kujifungua. Wekeni kiwango ambacho watu wawili wanaweza kuidhinisha bila kikao, tuseme 30,000, maana mgonjwa hangoji Jumatano.

Msikopeshe kutoka humo. Mkopo uende VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa). Mkikopesha, maskini asiyeweza kurejesha ataanza kukwepa sala, na mtampoteza yeye pamoja na fedha.

Kwenye taarifa ya mwezi someni idadi na jumla tu: "kaya mbili, 54,000". Majina yabaki kwa watatu. Na picha ya kumkabidhi bibi kilo tano za unga mbele ya bango, tafadhali, iacheni.

Msomaji_wa_Maun:
Asalaam alaykum. Naongeza kutoka upande wa pili wa ukuta, maana ugonjwa ni mmoja. Sura ya 107, Al-Maun, inawaonya wanaosali wakiwa wameghafilika na sala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia maun. Wafasiri wengi wanaeleza maun kuwa vitu vidogo vya kuazimana: ndoo, sufuria, shoka. Sala na sufuria zimewekwa pamoja.

Ila kabla ya kutafuta maskini wa nje, tazameni jikoni kwenu. Dada wa kazi analipwa lini? Isaya 58 hiyohiyo inawashutumu wafungao huku wakiwalemea wafanyakazi wao, na Walawi 19:13 inakataza ujira kulala kwako hadi asubuhi. Kwetu iko Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Kisheria Tanzania, Sheria ya Ajira ya 2004 inamhusu yeye pia: saa 45 kwa wiki zisizo za ziada, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayeamka saa 11 alfajiri na kulala saa 5 usiku ameshazipita Jumatano haijaisha. Akiachishwa isivyo haki, lalamiko lipelekwe CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara, siku 60. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa tu.

Kapu_la_Jumatano:
Ahsanteni sana. Kikwazo: shemeji mwenyewe ni mwanajumuiya, tena msoma masomo. Wazee wanasema jumuiya si mahakama.

Karani_Mstaafu:
Ni kweli si mahakama, kwa hiyo msiamue nani arithi. Mnamsindikiza mjane, mnatunza nakala, mnakaa kikaoni. Shemeji aonwe faraghani na wawili anaowaheshimu, kwa utaratibu wa Mathayo 18:15-16. Lakini upatanisho usisimamishe tarehe ya mahakama. "Tulieni kwanza tuyamalize kifamilia" ndilo neno linalotumika wakati nyumba inatafutiwa mnunuzi. Pingamizi la mjane liwekwe mahakamani wiki hii, mazungumzo yaendelee nalo likiwa limeshagongwa muhuri.