Tupeane uzoefu: sheria ya helmeti imekuokoa au imekusumbua?

Mwanzisha mada: Wakuu, jana trafiki kanisimamisha, abiria wangu hana helmeti. Nilipandwa na hasira, lakini usiku nikamkumbuka mdogo wangu tuliyemzika. Mwenye kisa akiweke hapa.

Kipepeo: Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa abiria, helmeti ninayo, ila kamba ya kidevuni sikufunga, naogopa nywele zitavurugika. Gari dogo likatukatia kona bila indiketa. Dereva wangu akabana breki ya mbele peke yake, pikipiki ikalala. Nakumbuka helmeti ikibingirika kwenye lami mbele yangu, mimi bado niko hewani. Imefika chini kabla yangu! Nilizinduka siku ya nne, namwita mama kwa jina la dada. Mpaka leo sinusi harufu yoyote. Sufuria ikiungua, mimi nashtuka nikiona moshi. Na kwa trafiki siku ile nilihesabika nimetii sheria.

Tairi Mbili: Pole sana dada. KAMBA jamani, kamba!

Huru Daima: Poleni. Ila mtu mzima aachiwe achague, kichwa ni chake.

Mama Wawili: Chake mpaka alazwe. Nani anamlisha, nani anamgeuza kitandani? Marekani mwaka 1976 Bunge liliacha kuyabana majimbo yalazimishe helmeti, mengi yakalegeza sheria, vifo vikapanda. Uingereza wamelazimisha tangu 1973 na watu wanaendesha tu.

Huru Daima: Mimi nakamatwa kwa helmeti, aliyepakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja, anapita. Hiyo ndiyo sheria?

Tairi Mbili: Hapo kwenye usimamizi nipo na wewe. Kwenye kichwa, hapana.

Fundi: Helmeti ikishagonga, tupa. Povu la ndani likibonyea halirudi.

Mzee wa Njia: Yangu imeanguka mara tatu na bado nzima. Cha maana ukikuta majeruhi mvue haraka apate hewa.

Fundi: Usimvue mzee wangu! Kama anapumua mwache, shingo yaweza kuwa imevunjika. Fungua kioo tu, mwite msaada.

Mwanzisha mada: Dada Kipepeo, umewahi kupanda tena?

Kipepeo: Napanda. Kamba nafunga mwenyewe, chini yake vidole viwili tu vinapita. Dereva akisema "tunafika hapo tu", nashuka.