Walimu wa kemia, acheni kuwanyima watoto alama kwa ClF3!

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Mdogo wangu yuko kidato cha tano. Juzi karudi na karatasi ya jaribio: chora umbo la molekuli ya ClF3 (atomi moja ya klorini katikati, tatu za florini). Kachora herufi T. Mwalimu kaweka kosa kwa wino mwekundu, kisha pembeni kamchorea pembetatu bapa yenye nyuzi 120. Sifuri kati ya 4. Dogo alipokwenda kuuliza akaambiwa bondi ni tatu, kwa hiyo ni pembetatu, afuate notisi.

Bondi tatu, sawa. Na elektroni zilizobaki mmezipeleka wapi? Klorini ina elektroni 7 za nje. Tatu zimeingia kwenye bondi, zinabaki 4, yaani jozi pweke mbili (jozi zisizo na bondi). Ongeza jozi tatu za bondi, jumla ni jozi tano kuizunguka klorini, elektroni 10, si 8.

Usiku ule nilinunua baluni tano, kila moja badala ya jozi moja, tukazifunga kwa fundo moja. Hakuna aliyezipanga. Tatu zilijitandaza kiunoni, moja ikasimama juu, moja chini. Jozi pweke hutaka nafasi kubwa, kwa hiyo hukaa kiunoni. Tukatia alama ya peni baluni mbili za kiunoni, nikamwambia azifiche kwa viganja. Zilizobaki ni T. Mtoto alikaa kimya akiitazama, mtoto aliyekuwa amepata sifuri kwa jibu sahihi!

Na lile dai kwamba klorini hutumia "orbitali za d" (nafasi za ziada za elektroni) kubeba jozi hizo tano, yaani sp3d, mnalolikaririsha kama dua, nalo limechoka. Hesabu za kisasa zinaonyesha d inachangia kidogo mno. Florini mbili za kichwani mwa T na klorini iliyo kati yao, atomi tatu, zinagawana elektroni 4. Bondi hizo mbili ni dhaifu zaidi, na vipimo vinasema hivyo hivyo: hizo mbili zina urefu wa pikomita 170 hivi, ile ya mguu wa T ni 160. Pembetatu yenu ingezipa zote urefu mmoja.

Wanakemia Gillespie na Nyholm waliandika habari za kuhesabu jozi zote tangu 1957. Mwalimu wa A-level hana kisingizio.

Wenye watoto wa PCM na PCB (michepuo ya fizikia na kemia pamoja na hisabati au baiolojia), fungueni madaftari yao leo mtafute ClF3. Mkikuta pembetatu, semeni hapa. Mimi Jumatatu nipo ofisini kwa mkuu wa shule na karatasi yangu, alama 4 zirudi.