Naomba ushauri: nilenge maneno gani ili tovuti ionekane Google?

Wakuu, habari zenu.

Nina tovuti ya mafunzo ya ushonaji na nimekwama kwenye kuchagua maneno ya kulenga. "Kushona" linatafutwa sana, ila nafasi za juu zimeshikwa na tovuti kubwa, tena huwezi kujua mtu anataka cherehani, fundi au somo. Anayeandika "jinsi ya kukata suruali ya mtoto yenye lastiki kiunoni" anajua anachokitaka, japo wa aina yake ni wachache. Mimi naegemea huko.

Kinachonichanganya ni Keyword Planner, zana ya Google ya kukadiria neno linatafutwa mara ngapi. Virai vingi inaonyesha havina watafutaji, wakati Search Console (zana ya Google inayoonyesha maneno yanayoleta watu kwenye tovuti yako) inanionyesha watu walioviandika hivyohivyo wakafika kwangu. Niamini ipi?

Halafu, "kupima kiuno" na "kuchukua vipimo vya kiuno" niviandikie kurasa mbili, au mmoja ubebe vyote? Naogopa zisije zikagombania nafasi zenyewe kwa zenyewe.

Ushauri wa kujaza meta tagi ya maneno (orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa) naomba tuuache, Google walishasema tangu 2009 hawaitumii kupanga matokeo.

Mliopitia hili, mlianzia wapi?