Sahihi zetu mlizichukua, orodha yetu mkaitupa

Asalaam aleikum wadau. Nina hasira na uzi huu ni mrefu, kwa hivyo mwenye haraka zake apite. Wadi sitaji, ofisi sitaji, mheshimiwa sitaji. Watu wa visiwa vya huku Lamu watajijua, na mlioko kwingine nadhani mtaona kisa ni kile kile, kimebadilishwa kanzu tu.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia faili ya mpango wa maendeleo wa mwaka. Huu ndio mpango ambao kisheria hutakiwa ufike bunge la kaunti si zaidi ya tarehe 1 Septemba, na ndio unaosema mwaka ujao wa fedha kitajengwa nini na wapi. Nikaenda moja kwa moja kwenye wadi yetu, upande wa majengo. La kwanza: ofisi mpya ya wadi, pamoja na ukuta na geti. La pili: ukumbi wa mikutano. La tatu: ukarabati wa ofisi ya sasa. Yaani ile ile ambayo wataihama wakishapata mpya!

Wodi ya wazazi ya zahanati yetu haimo. Nikatafuta kwa jina la kijiji, nikatafuta neno "wazazi", nikatafuta neno "zahanati". Haimo.

Hilo peke yake lisingenifanya niandike, tumeshazoea. Kilichonitoa kitandani ni kurasa za mwisho, zile za viambatisho. Kuna karatasi ya mahudhurio ya kikao cha maoni ya wananchi, imepigwa picha ikatiwa humo kuwa ushahidi kwamba tulishauriwa tukaridhia. Namba 17 ni mimi. Sahihi yangu, wino wa buluu, kalamu yangu mwenyewe. Namba 18 ni mama yangu mdogo, kidole gumba, kwa sababu msahafu anausoma vizuri lakini karatasi za serikali hajawahi kupatana nazo. Wametuweka mimi na mama mdogo chini ya geti lao kama mashahidi wa nikahi.

Sasa nieleze kikao chenyewe, maana mimi nilikuwako na nilikaa mpaka mwisho.

Tulitangaziwa kwa kipaza sauti cha msikiti, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kikafanyika darasani baada ya Adhuhuri, joto la kupasua kichwa. Walikuja watano kwa boti ya mashini, na laptopu, na kreti za soda, na biskuti. Maelezo yote yaliyokuwa ukutani ni Kiingereza. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, lugha hini hatuiyui, semani nasi kwa yetu." Kijana wa laptopu akatabasamu, akatufasiria kwa dakika mbili mambo aliyoyasema nusu saa. Hapo ndipo karatasi ya mahudhurio ilipoanza kuzungushwa. Angalieni sana hilo: tulitia sahihi KABLA hatujasema neno lolote. Juu ya karatasi palikuwa na tarehe na jina la wadi, basi. Na ukishatia sahihi ndipo unapewa soda.

Baadaye wakabandika bango jeupe, wakatwambia tutaje majengo tunayoyataka kisha tuyapange. Tukataja. Kijana mmoja akaomba darasa la shule ya sekondari, wakamjibu kwamba shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, kaunti kazi yake ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ndivyo Jedwali la Nne la Katiba linavyogawa. Hapo walikuwa sawa, siwadhulumu. Lakini Jedwali hilo hilo linaweka vituo vya afya na zahanati kwenye mikono ya kaunti. Mbona mnalikumbuka mnapotukatalia, mkalisahau mnapotakiwa kutoa?

Tukapanga kwa mikono. Wanawake wakahesabiwa upande wao, wanaume upande wao. Ya kwanza, bila ushindani, ikawa kumaliza wodi ya wazazi. Ya pili ukarabati wa jabia la maji ya mvua, limepasuka na kiangazi kinatuua. Ya tatu darasa la chekechea lililoezuliwa paa na upepo. Ofisi ya wadi ilitajwa na mtu mmoja, naye alishuka na boti yao. Ikapata mikono minne. Nimeihesabu mwenyewe, na bango nililipiga picha kabla halijakunjwa. Ninayo simuni hapa, na orodha tuliyoiandika inasomeka kwa wino mwekundu.

Kwa asiyeijua hiyo wodi ya wazazi: ni kuta nne zilizofika linta zikakomea hapo. Mawe, simiti na kokoto vyote vililetwa kwa jahazi, vikapandishwa kutoka bandarini kwa punda, safari baada ya safari. Wanawake wa kijiji walibeba maji ya kuchanganyia, bure, mama mdogo akiwa mmoja wao, kwa sababu jengo lilikuwa lao. Kisha siku moja mafundi hawakuja. Ofisi ikasema mwanakandarasi ametoroka. Mwanakandarasi tulipompigia akasema cheti chake cha pili cha malipo ya kazi hakijalipwa, na yeye hana pesa za kuikopesha serikali. Sijui mkweli ni nani. Ninachokijua ni kwamba vyuma vilivyoachwa vimechomoza juu vimeliwa na chumvi mpaka ukivishika vinabanduka magamba kama samaki. Kwenye chumba kilichokusudiwa kujifungulia umeota mpapai, na safari hii umezaa. Mbuzi wanalala humo wakati wa mvua. Watoto wamechora magoli ya mpira ukutani kwa makaa.

Na hapa kuna jambo wakubwa hawalisemi. Jengo likiachwa nusu pwani halikai likikusubiri. Kila msimu mmoja wa upepo wa Kusi ukipita, chumvi inaingia ndani zaidi, kutu inavimba inapasua zege, na siku mkirudi fundi atawaambia bomoeni linta tuanze upya. Kwa hivyo kuliacha si kubana matumizi. Ni kuzitupa pesa zilizokwisha kulipwa, kidogo kidogo, kila mwezi.

Basi kwa nini waanze jipya? Nimeliwaza sana hili na jibu nimelipata pale pale kwenye kuta. Jiwe la msingi la wodi ya wazazi limeshawekwa, na lina jina la mheshimiwa aliyepita. Wa sasa akilimaliza atakuwa ameng'arisha jina la mwenziwe. Ofisi mpya haina jiwe bado. Itakuwa na utepe, itakuwa na hema na viti vyeupe, itakuwa na picha. Mpapai hauna picha ya kampeni.

Niwape kisa kimoja, kisha mniambie geti ni la nini. Kusi iliyopita jirani yetu alishikwa na uchungu baada ya Isha. Nesi wetu ni mmoja na wiki ile alikuwa likizo. Ikabidi apelekwe Amu, yaani Lamu mjini. Bahari imekupwa, boti imelala kwenye matope, na hata ingeelea, anayezijua njia za huku anajua kwamba ukifika Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari, maji yamekupwa huna pa kupita. Tukamteremsha kwa godoro mpaka ngazi za bandari tungojee maji yajae. Wanawake wakamzungushia kanga, upepo unazipeperusha, wanazishika kwa mikono miwili, mmoja ameuma tochi ya simu kwa meno. Maji yalipoanza kupanda mtoto alishatoka. Kwenye ngazi za bandari, wadau. Mama yuko hai na mtoto yuko hai, alhamdulillahi, na kwa sababu wako hai hakuna aliyeandika popote kwamba jambo hilo lilitokea.

Halafu mtu ananiambia pesa hazitoshi. Najua hazitoshi! Katika mgao wa 2021/22 Lamu ilipata kama shilingi bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti zote 47. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, iliyobaki ni mishahara, mafuta ya magari na chai za mikutano. Mwenye kipato kidogo ndiye anayetakiwa kupanga kwa uangalifu zaidi. Nyumbani kwako ukiwa na shilingi mia mbili hununui pazia kabla ya unga.

Na tusidanganyane kwamba huku hakuna anayetujua. Hazina ya Usawazishaji imewekwa na Kifungu cha 204 cha Katiba kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, na Lamu ilikuwa kwenye kaunti 14 za mwanzo zilizotajwa. Kifungu kimeorodhesha maji, barabara, afya na umeme. Geti hakikulitaja. Wengine wataniletea habari za bandari mpya ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Mashallah, nzuri, lakini mja mzito hapakiwi kwenye kontena.

Jana nikapanda boti ya asubuhi kwenda mjini na barua. Nimeiandika kwa kutumia sheria ya kupata habari ya 2016. Nimeomba vitu vitatu: muhtasari wa kikao chetu, karatasi inayoonyesha alama walizotumia kuipandisha ofisi na kuishusha zahanati, na hali ya malipo ya yule mwanakandarasi. Kwa sheria hiyo wana siku 21 za kunijibu, na habari ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Nimeandika kwamba yangu inahusu uhai wa mtu. Watajua wenyewe wataihesabu vipi.

Karani akaisoma, akanitazama kutoka kofia mpaka ndara. "Wewe ni nani katika jambo hili?" Nikamfungulia simu kwenye ukurasa wa viambatisho. Nikamwambia, "Mimi ni namba 17." Akacheka, si kwa ubaya, nadhani hata yeye alionea haya. Akagonga muhuri nakala yangu bila neno jingine. Nimeilaza chini ya godoro.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Kuna aliyeuliza kama mambo yameshakwisha. Hayajakwisha. Mpango wa mwaka si bajeti. Kuna karatasi ya mkakati wa fedha inayopelekwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, kisha makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, na lazima bajeti ipitishwe kufikia 30 Juni. Kote huko mradi unaweza kutolewa au kuingizwa, na kote huko wanatakiwa watusikilize. Ndiyo maana nimeandika sasa, sikungoja kulia Julai.

Kuna mwingine ameandika kwamba mimi natumiwa na wapinzani wa mheshimiwa. Ndugu yangu, yule aliyepita ndiye aliyeacha linta hewani, kwa hivyo sijui nitakuwa natumiwa na nani. Njoo nikupeleke ukale papai.

Na yule aliyesema ofisi pia ni huduma kwa wananchi, nakujibu kwa heshima: ni kweli, ofisi ya sasa inavuja upande mmoja, nimeiona. Ingekuwa ya nne kwenye orodha nisingelalamika. Mimi sikatai ofisi. Nakataa kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyeiomba.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Mliokuwa kwenye vikao vya wadi zenu, itafuteni faili hiyo, teremkeni mpaka viambatisho, mtazame kama majina yenu yamo, kisha mrudi juu mtazame mlichosema kama nacho kimo. Mwenye picha ya bango aiweke hapa.

Kikao cha makadirio kikitangazwa nitakwenda. Mama mdogo naye anakwenda, nimemsomea uzi huu wote jioni hii akipara samaki. Amesema soda yao wanywe wenyewe, na kidole hatii mpaka karatasi isomwe mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili, kwa sauti, na yeye akae mbele.