Hivi harufu inapimwaje? Bwana afya kasema haina kipimo

Jirani_wa_Ziwa:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, nyuma ya kwetu kuna jamaa wamefungua kinu cha kusaga dagaa wa chakula cha kuku, mwaka wa pili huu. Mchana afadhali, ila saa tatu usiku upepo ukishatulia hiyo shombo inayoingia ndani jamani, nguo umeanua jioni, asubuhi ukipanda nayo daladala watu wote wanakugeukia. Tumelalamika, bwana afya akaja, akaanzia hukohuko kinuni kama nusu saa, kutoka anakuja kwetu ananusanusa anasema mbona hamna kitu, halafu eti kelele zina kipimo ila harufu haina kwa hiyo hana cha kuandika. Ni kweli? Mtoto wangu analala kajifunika khanga puani.

Mzee_wa_Maabara:
Kipo mkuu, na kipimo chenyewe ni pua. Kwanza huyo bwana afya alishajimaliza mwenyewe, ukikaa kwenye harufu nusu saa pua inaizoea inaacha kukuambia, ndo maana wanaofanya kazi kinuni watakuapia hakuna kinachonuka.

Ulaya wanafanya hivi, hewa inavutwa kwenye mfuko usio na harufu, inapelekwa maabara, wanakaa watu wasiopungua wanne, wanapewa ile hewa imechanganywa na hewa safi nyingi mno hadi hawasikii kitu, halafu inakolezwa kidogokidogo mpaka nusu yao waseme naam nimeisikia. Kama ilibidi kuizimua mara 1,000 basi hiyo ni yuniti 1,000 za harufu. Na hao wanusaji wanachujwa kwanza kwa kemikali moja inaitwa butanoli, mwenye pua kali kupita kiasi anarudishwa nyumbani sawasawa na mwenye pua butu.

Bi_Asumini:
Mie wa Unguja, ya maabara siyajui, lakini hapo umesema shombo na neno limeshapima nusu. Uvundo ni wa kitu kilichooza, kikwapa kina mwenyewe, shombo ni ya samaki. Na udi ukisema unanuka umeutukana, udi unanukia, herufi moja tu hiyo. Nguo zako mwanangu zisuuze kwa maji ya ndimu, kama tunavyomwosha samaki.

Mzee_wa_Maabara:
Bibi yuko sahihi kabisa. Kinachonuka kwenye samaki kinaitwa trimethilamini, tindikali ya ndimu inaigeuza chumvi, haipai tena hewani kufika puani. Na kuhusu maneno, kuna Wajahai huko Malaysia wana maneno kama dazeni hivi ya harufu tupu, moja linashika petroli, moshi na mavi ya popo kwa pamoja! Sisi tukiishiwa tunasema tu inanuka kama kitu fulani.

Kijana_Moro:
Si mlete panya buku wa huku Morogoro 😂 pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB, mwenzao Magawa alipewa hadi medali ya dhahabu 2020. Hicho kinu atakimaliza kwa dakika moja.

Mzee_wa_Maabara:
😂 Panya atakwambia ipo au haipo, hawezi kukwambia inakera. Jirani, maabara ya hivyo ni gharama, ila kuna njia ya Wajerumani haina hata mashine. Mtu anasimama sehemu moja dakika 10, kila sekunde 10 anaandika nimesikia au sijasikia, jumla alama 60. Zikifika 6 tu, hiyo saa nzima inahesabiwa ni saa ya harufu. Fanyeni watu kadhaa siku tofauti, andika tarehe, saa na upepo unatokea wapi. Ila usianze ukiwa umeshinda hapohapo, toka kwanza mbali upumzishe pua.

Jirani_wa_Ziwa:
Asanteni sana, na bibi shikamoo. Jana nilitoka hadi barabara kuu nikarudi, saa tatu na dakika kumi nimekaa barazani na simu mkononi, nimepata 41 kati ya 60. Jirani wa kushoto 38. Mama wa vitumbua kapata 3, ila yeye alikuwa anakaanga. Daftari nimeshanunua.