Kundi la "Watoto wa Bi Mkubwa": Mama aende Dodoma?

Dada Tanga: Assalaam alaykum wote. Mama leo kaamka vizuri, alhamdulillah, ila juzi tulikesha. Pumu ilimbana saa nane usiku, pampu ya bluu ya kutuliza haikufua dafu, tukamkimbiza hospitali wakamvutisha dawa kwa mashine. Daktari kasema masika haya yanamwonea, kama kuna ndugu sehemu kavu tufikirie. Nimeyaleta kama yalivyosemwa.

Kaka Dodoma: Waalaykum salaam. Pole dada, poleni sana. Mimi hili nimelisema zamani. Chumba kipo, choo ndani. Mvua ya huku kwa mwaka haizidi sana milimita 600, ya kwenu inapita 1,000. Ikishaingia Mei hatuoni tone mpaka Novemba huko. Unaanika shuka, ukigeuka limekauka 😂

Shangazi Pangani: Waalaykum salaam wanangu. Mwampeleka Ugogoni akale nini?

Kaka Dodoma: Shikamoo shangazi. Samaki wapo, wanatoka Mtera.

Shangazi Pangani: Marahaba. Wale wa bwawa. Mimi nauliza samaki.

Shangazi Pangani: Lakini simkatazi. Babu yenu alipougua kifua kikuu alipelekwa hospitali ya Kibong'oto, huko Kilimanjaro, akarudi mzima. Hewa ya kule dawa.

Wifi Muuguzi: Shikamoo shangazi. Kibong'oto ilianza 1926, wakati huo TB haina dawa popote duniani. Mgonjwa alikuwa anapumzishwa, analishwa, anapewa hewa safi, basi. Dawa zenyewe zimekuja baada ya vita vya pili. Babu aliugua lini?

Shangazi Pangani: Tumeshapata uhuru. Na sindano alichomwa, hilo kweli, alikuwa hakai kitako.

Wifi Muuguzi: Basi zilizomponya ni sindano, hewa ilimsindikiza. Halafu pumu si TB. Tuulize kwanza kinachomchokoza mama. Wifi, ukifungua kabati lake kunanukaje?

Dada Tanga: Uvundo. Kanga ikikaa imekunjwa inatoka na madoa meusi. Ukuta wa nyuma ya kabati ndiyo usiseme, naufuta kwa jiki, mvua ikinyesha tena ukungu umerudi.

Wifi Muuguzi: Na mito?

Dada Tanga: Ile ile ya sufi. Ya harusi yake 🙈

Wifi Muuguzi: Hapo sasa. Kwenye mito na magodoro kuna wadudu wa vumbi, jicho haliwaoni, wanakula magamba ya ngozi yetu. Hawanywi maji, wanafyonza unyevu wa hewani. Hewa ikikaa kavu, unyevu chini ya asilimia 50, wanakauka wanakufa. Tanga unyevu unakaa juu ya hapo, kwa hiyo wanazaana wanavyotaka, na kinyesi chao ndicho kinachombana mgonjwa. Daktari hakukosea. Lakini mito hiyo akija nayo Dodoma, kaja na mzigo wake.

Mdogo Phoenix: Shikamooni, ndo naamka. Huku Arizona ndiko Wamarekani wenye TB na pumu walikokuwa wakishauriwa kuhamia, toka karne iliyopita haijaanza. Walipofika wakapanda bustani za kwao: nyasi, miforosadi, mizeituni. Chavua ikajaa hewani, watu wakaanza kupiga chafya jangwani. Tucson, mji wa huku huku Arizona, miaka ya 1980 ikabidi wapige marufuku kuuza baadhi ya miti hiyo. Na vumbi la huku lina kuvu wa udongoni, ukimvuta anaweza kukuletea ugonjwa wa mapafu. Msidhani kukavu ndo peponi.

Kaka Dodoma: Sasa wewe unamtisha mama.

Wifi Muuguzi: Hamtishi. Mume wangu hasemi kwamba lami haijafika kwetu. Agosti mpaka Oktoba upepo unapiga, meza unaifuta asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake. Na Juni, Julai usiku ni baridi, nyuzi 13 au 14. Baridi kavu nayo inabana kifua.

Kaka Dodoma: 😐

Shangazi Pangani: Mbona hamuutaji moshi wa udi? Na ile dawa ya mbu ya kuchoma?

Dada Tanga: Shangazi nilikuwa nakusubiri. Kila Alhamisi jioni chetezo kinawaka chumbani mwake na madirisha kafunga.

Mama: 🎤 Sauti 1:26

Dada Tanga: Kwa mlio kazini, mama anasema hivi: "Nimewasikia. Mnanigawa kama urithi, na roho ninayo. Dodoma nakwenda, kuhamia sihamii. Masika yakiisha narudi, nyumba yangu haifungwi, na kuku wangu asichinjwe mtu akasema alikufa. Udi siachi. Utafukizwa ukumbini nami niko uani, ukishatulia ndiyo naingia. Mito chukueni."

Mdogo Phoenix: Mama ❤️ Mito mipya natuma hela mimi, na yale mafuniko ya godoro yenye zipu.

Wifi Muuguzi: Ahsante mama. Aje wiki ijayo, arudi Julai kabla ya upepo. Tuone kifua kwanza ndipo tuzungumze ya kuhama. Pampu ya kahawia avute kila siku hata akijisikia mzima, hiyo ndiyo ya kuzuia, watu wakipata nafuu wanaitupa. Kadi ya bima asiisahau, na karatasi za daktari.

Kaka Dodoma: Basi mpaka Dar, alale kwa binamu, asubuhi treni ya umeme. Mwendo wa saa nne haufiki, yuko hapa. Napokea mwenyewe.

Dada Tanga: Namsindikiza mpaka stesheni. Pampu zote mbili ziko kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi.

Wifi Muuguzi: Vizuri. Na wewe baba watoto, zulia la chumba cha wageni litoke leo.

Kaka Dodoma: Lile zulia ni jipya.

Wifi Muuguzi: Leo.